Shajara ya mradi: deki ya Blu-ray kwenye amplifaya ya 2004 isiyo na HDMI

11 Januari 2025: vilivyopo mezani

Amplifaya hii aliinunua ami yangu Maskati mwaka 2004, ikiwa mpya. Ikaja Unguja ndani ya kontena la vyombo vyake aliporudi nyumbani. Mwaka jana kahamia nyumba ndogo, akaniita: "Njoo uichukue mwanangu, mimi masikio yamechoka." Kilo 11. Nimeibeba mwenyewe ngazi tatu na mgongo bado unaikumbuka.

Neno moja kabla sijaendelea. Kwetu ukisema risiva, watu wanaelewa king'amuzi cha dishi. Kwa hiyo humu nitaiita amplifaya, ingawa usoni imeandikwa AV RECEIVER. Inaendesha spika tano na sabufa, yaani ile sauti ya kuzunguka inayoandikwa 5.1.

Nyuma yake kuna matundu mawili ya OPTICAL, moja la COAXIAL, sita ya pini yaliyokusanywa pamoja na kuandikwa MULTI CH INPUT, halafu msitu wa matundu ya video ya zamani. HDMI, lile tundu la kisasa linalobeba picha na sauti kwa waya mmoja, hakuna hata moja. Si ajabu: kanuni za HDMI zilitoka mara ya kwanza Desemba 2002, na ilichukua miaka kadhaa kabla amplifaya za bei ya kati hazijaanza kuwekewa.

Upande wa pili ni deki ya Blu-ray aliyoniletea binamu kutoka Dubai. Mpya, nyepesi kama daftari. Nyuma ina tundu moja la HDMI, la USB na la intaneti, basi. Hakuna pini nyekundu na nyeupe, hakuna optiko. Matundu ya picha ya zamani hayakuondolewa kwa ubahili tu. Leseni ya AACS, ambayo ndiyo kufuli la diski za Blu-ray, ilitaka deki zilizotengenezwa kuanzia 2011 zisitoe picha ya analogi inayozidi ubora wa DVD, na baada ya 2013 zisitoe picha ya analogi kabisa. Matundu ya sauti hayakukatazwa, ila watengenezaji wa deki za bei nafuu waliona waondoe yote kwa mkupuo.

Lengo: picha iende kwenye TV, sauti ya njia sita iende kwenye amplifaya, nisinunue amplifaya mpya. Bajeti shilingi 100,000.

18 Januari: kupitia TV, au wiki moja ya kujidanganya

Njia rahisi kuliko zote. Deki kwenda TV kwa HDMI, kisha kutoka tundu la optiko la TV kwenda amplifaya. Waya wa optiko wa mita moja na nusu, 12,000, Mlandege.

Kosa la kwanza lilitokea dakika ya kwanza. Ncha za waya huu huja na vikofia vidogo vya plastiki angavu. Sikuviona. Nikasukuma, haikuingia, nikasukuma zaidi, na kile kimlango kidogo cha OPTICAL 1 kikavunjikia ndani. Nimekitoa kwa kibano cha nyusi cha mke wangu. Tundu linafanya kazi, ila sasa liko wazi na vumbi litaingia. Toeni vikofia. Kisha washeni chombo kinachotoa sauti mtazame ncha ya pili ya waya: mkiona mwanga mwekundu, waya ni mzima.

Sauti ikatoka spika zote. Nilifurahi wiki nzima. Spika za nyuma zinanong'ona, sabufa inatikisa kabati, nikawaita hata majirani.

Jana usiku ndipo nilipoinama kusoma kioo cha amplifaya. Kimeandika PCM, na pembeni Pro Logic II. Maana yake amplifaya ilikuwa inapokea njia mbili tu, kushoto na kulia, halafu yenyewe inabuni sauti za nyuma. Sikio langu lilikubali kila kitu kwa sababu lilitaka kukubali. Tangu leo nasoma kioo kwanza, kusikiliza baadaye.

25 Januari: TV inachuja

Kwenye menyu ya sauti ya TV kuna mahali pa kuchagua PCM au Bitstream. Sauti ya diski huja imefungwa, yaani imebanwa ili ienee. PCM maana yake TV ifungue sauti yenyewe kisha itoe njia mbili. Bitstream maana yake iipitishe kama ilivyofungwa, amplifaya ndiyo ifungue. Nikaweka Bitstream, na deki nayo vivyo hivyo.

Nikaweka DVD ya ami, na kioo kikaandika Dolby Digital, ambayo ni namna mojawapo ya kuifunga sauti ya njia sita, vile viboksi vya spika vikawaka vyote. (DVD zimegawiwa kwa kanda za dunia, na deki hupiga za kanda yake. DVD zake za Maskati ni za kanda ya 2, sisi huku ni kanda ya 5. Deki ya Dubai nayo ni ya kanda ya 2, kwa hiyo zinapiga. Anayenunua deki mtumba auangalie mchoro ule wa dunia wenye namba nyuma yake.)

Kisha nikaweka DVD ya pili, yenye sauti ya DTS tu, namna nyingine ya kuifunga sauti. Kimya. Picha inacheza, watu wanafungua midomo, amplifaya haina habari. Nikabadili waya, nikabadili tundu, nikazima nikawasha, saa mbili zikapita. Jibu likawa ndani ya kijitabu cha TV, kwenye jedwali la sauti zinazopita tundu la optiko: Dolby Digital ipo, DTS haipo. TV nyingi ziko hivi, na nyingine mbaya zaidi, chochote kinachoingia kwa HDMI hutoka kwenye optiko kikiwa njia mbili tu, ufanye utakavyofanya kwenye menyu.

Kwa hiyo njia ya TV ni nusu njia. Kama diski zako zote ni za Dolby na TV yako inapitisha, ishia hapa, umetumia 12,000. Mimi nina diski za DTS kama kumi na tano.

8 Februari: shilingi 22,000 zilizopotea

Nimenunua kitu kisichohitajika, na kosa ni langu. Niliingia dukani nikasema nataka "kitu cha kutoa sauti kwenye HDMI kwenda amplifaya ya zamani." Muuzaji akaninyooshea kijisanduku chenye HDMI upande mmoja na pini tatu, njano, nyekundu na nyeupe, upande wa pili.

"Hii ndiyo wanayochukua wote, sheikh."

Nikachukua. Ni cha kubadili HDMI kuwa AV ya zamani, kimetengenezwa kwa mtu mwenye TV ya chogo. Picha inashushwa hadi ukungu, sauti ni njia mbili. Pini mbili haziwezi kubeba njia sita, na kuzichomeka kwenye MULTI CH INPUT, kama nilivyoshauriwa na jirani, kunapata spika mbili za mbele tu na nyingine zote zinalala.

Ninachokihitaji boksini huandikwa HDMI AUDIO EXTRACTOR. Mimi nakiita kichomoa sauti. Kina HDMI ya kuingia, HDMI ya kutoka kwenda TV, na tundu la optiko. Muhimu zaidi, kiwe na swichi ndogo ubavuni yenye nafasi za PASS, 2CH na 5.1CH. Visivyo na swichi hiyo ni bei rahisi zaidi na visiwashawishi. Sababu inakuja chini.

22 Februari: kichomoa sauti, na mvua ya masika sebuleni

Shemeji kanunua Kariakoo, 68,000, kakileta kwa boti. Nimeongeza waya wa HDMI wa pili, 10,000, na optiko ya mita tatu, 15,000, maana ile ya kwanza nimeiacha palepale kwenye OPTICAL 1 ikitoka TV. Inaziba lile tundu lisilo na mlango. Kichomoa kimeingia OPTICAL 2.

Mpango: deki, kisha kichomoa, kisha TV, optiko kutoka kichomoa kwenda amplifaya.

Nikaweka diski ya DTS, nikabonyeza play, na spika zikapiga mlio kama mvua ya masika juu ya bati jipya. Mtoto aliyekuwa amelala kaamka analia. Mama katoka jikoni na mwiko mkononi.

Haikuwa ubovu. Wiki ya kwanza niliona mwanzo wa nyimbo unakatika nusu sekunde, kwa sababu amplifaya huwa inachunguza kwanza imeletewa sauti ya aina gani. Kwa hiyo nilipochomeka kichomoa nikalifunga ingizo lake kwenye PCM tu, amplifaya isichunguze. Ilipoletewa DTS ikaisoma kana kwamba ni PCM, na namba za DTS zikisomwa hivyo ni kelele tupu, kwa nguvu yote. Nikarudisha AUTO. Tangu hapo kabla ya jaribio lolote jipya nashusha sauti hadi chini. Mlio ule unaweza kuunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Baada ya AUTO nikazima na kuwasha deki, na kioo kikaandika PCM. Njia mbili, tena! Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo kama ningelijua Januari lingeniokolea wiki sita.

Vyombo vya HDMI husalimiana kabla ya kuanza kazi. Deki inauliza mbele yake kuna nani na anajua sauti gani. TV inajibu kwa orodha iitwayo EDID. TV yangu inajibu kwa ukweli: najua njia mbili na Dolby, DTS siijui. Deki ni mtiifu, inaifungua ile DTS yenyewe, inaikamua iwe njia mbili, inatuma PCM. Amplifaya haimo kabisa katika mazungumzo hayo, maana optiko ni njia ya upande mmoja. Inapokea kinachokuja, haiwezi kuomba.

Ile swichi ni ya kusema uwongo wenye faida. Kwenye PASS, orodha ya TV inapita kama ilivyo. Kwenye 5.1CH, kichomoa kinatoa orodha yake mwenyewe inayosema huku mbele tunaelewa Dolby Digital na DTS. Nikaisogeza kwa ncha ya kalamu, nikachomoa umeme wa deki nikaurudisha ili isalimie upya (bila hivyo inakumbuka jibu la zamani), na kioo kikaandika DTS.

Gharama ya uwongo huu: spika za TV zenyewe sasa ziko kimya deki ikipiga, kwa sababu TV haiielewi DTS inayopitishiwa. Kwangu si tatizo.

1 Machi: TV inayokonyeza

Picha ilikuwa inazimika sekunde mbili, inarudi, kila dakika kumi hivi. Nililaumu waya mpya wa HDMI, nikaubadilisha na wa zamani, ikaendelea. Kumbe kichomoa nilikuwa nakilisha umeme kutoka tundu la USB la TV. Tundu la namna hiyo la USB 2.0 lina wajibu wa kutoa nusu ampea tu, na kijitabu cha kichomoa kinataka volti 5, ampea 1. Nikatumia chaja ya simu ya zamani ya ampea 2. Haijakonyeza tena. Gharama sifuri.

Sauti nayo ilikuwa inakatika mara moja moja. Waya wa optiko niliukunja kona ya ghafla nyuma ya kabati. Ndani yake mwanga ndio unaosafiri, na ukikunjwa sana mwanga unavuja. Nimesogeza kabati sentimita nane mbele.

Ramadhani imefika. Kazi imesimama.

5 Aprili: diski za Blu-ray zenyewe

Mpaka hapa nilikuwa napima kwa DVD. Blu-ray ina mambo yake.

Sauti bora za Blu-ray, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, hazipiti kwenye optiko, na hakuna swichi wala waya wa bei mbaya utakaozipitisha. Njia hii ilianzishwa na Toshiba mwaka 1983 kwa ajili ya sidii. PCM ya njia mbili ya sidii ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. DTS ya kawaida ni 1,509, nayo inaingia. DTS-HD Master Audio inaweza kufika megabiti 24.5. Ni kama kutaka kupitisha lori kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe.

Lakini diski haikuachi mikono mitupu. Ndani ya DTS-HD kuna kiini cha DTS ya kawaida, na amplifaya ya zamani inakisoma hicho. Diski yenye TrueHD lazima iwe pia na Dolby Digital ya kawaida, hadi kilobiti 640, wakati kwenye DVD mwisho ni 448. Kwa maneno mengine, amplifaya ya 2004 sasa inapata Dolby nene kuliko iliyowahi kuipata kwa ami. Nimesikiliza na nasema tofauti na DVD ipo, hasa kwenye maneno ya spika ya kati.

Mipangilio ya deki iliyonigharimu jioni mbili:

Kwanza, kipengele cha kuchanganya sauti ya pili, kwenye deki nyingi huitwa BD Audio Mix au Secondary Audio. Kizime. Kikiwa kimewashwa, deki inaifungua sauti kuu ili iingize milio ya menyu na maelezo ya mwongozaji, na kinachotoka si kile cha kwenye diski. Kwangu kilikuwa kinageuza kila kitu kuwa PCM. Nilirudi kwenye swichi ya kichomoa mara nne nikidhani imeteleza.

Pili, nina diski moja ya tamasha la muziki ambayo sauti yake ya kuzunguka ni PCM ya njia sita, haikufungwa. Optiko haiwezi kuibeba, kwa hiyo ikashuka kuwa njia mbili. Deki yangu ina kipengele cha kuifunga upya sauti iwe DTS kabla ya kuitoa. Nakiwasha kwa diski hiyo tu. Nikikiacha, hata Dolby inafunguliwa na kufungwa upya bila sababu.

12 Aprili: midomo na maneno

Maneno yalikuwa yanatangulia midomo. Kidogo, lakini ukishaiona huwezi kuacha kuiona. TV inachukua muda kuipamba picha, sauti haisubiri. Nimeiweka TV kwenye hali ya mchezo, ile ya wacheza gemu, ambayo inapunguza mapambo, na kwenye amplifaya nimeongeza ucheleweshaji wa sauti hadi milisekunde 60. Nilipima kwa mtangazaji wa habari, nikitazama herufi P na B, midomo inapofunga.

Mvumo wa sabufa, ule wa "mmmm" usiokoma, nao umekwisha leo. Nilishuku kila kitu kipya. Haukuwa kipya hata kimoja: nilipofungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, ukanyamaza. Waya wa dishi na umeme wa ukutani havina volti sawa ya ardhi (erthi), na tofauti hiyo ilikuwa inapita kwenye pini nyekundu na nyeupe hadi kwenye amplifaya. Nimeziondoa pini hizo. King'amuzi sasa kinakwenda TV kwa HDMI, na sauti inafika amplifaya kwa ule waya wa optiko wa Januari. Optiko ni plastiki na mwanga, umeme haupiti. Zile 12,000 zimepata kazi.

26 Aprili: matundu sita

Nilitaka kujua kama MULTI CH INPUT ni njia bora. Kwa nadharia ndiyo: deki ikiifungua TrueHD yenyewe na kuitoa kwa pini za analogi, amplifaya ya zamani inapata sauti nzima bila kupunguzwa. Tatizo ni deki. Za 4K zenye pini hizo ni chache na ghali. Panasonic DP-UB820 inazo, na OPPO UDP-203 ilikuwa nazo, ila OPPO walitangaza kuacha kutengeneza deki mwaka 2018.

Nimeazima kwa rafiki deki kubwa ya DVD ya zamani yenye pini sita, kwa jaribio tu. Sabufa ilikuwa dhaifu ajabu. Njia ya besi hurekodiwa desibeli 10 chini, na amplifaya ndiyo yenye kazi ya kuipandisha inapofungua Dolby. Ikiletewa kwa pini, yangu haigusi kitu, haipandishi wala haipeleki besi ya spika ndogo kwenye sabufa. Yote lazima yapangwe ndani ya deki. Nikapandisha 10, ikakaa sawa, lakini ucheleweshaji wa sauti nao haufanyi kazi kwenye ingizo hilo, midomo ikaanza upya.

Nimeirudisha deki ya watu. Nabaki na optiko.

3 Mei: hesabu na karatasi ya kabatini

Optiko ya kwanza 12,000, kibadili AV 22,000, kichomoa 68,000, HDMI 10,000, optiko ya pili 15,000. Jumla 127,000. Nimepita bajeti kwa 27,000, na 22,000 kati ya hizo ni kile kijisanduku ambacho bado kiko kwenye droo. Mwenye TV ya chogo aje akichukue.

Limebaki jambo moja. Salamu za HDMI zinataka mpangilio: nikiwasha deki kabla ya TV na kichomoa, mara nyingine picha haiji kabisa. Nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, kwa herufi kubwa:

TV KWANZA. AMPLIFAYA, CHAGUA DVD. DEKI MWISHO. SOMA KIOO: DOLBY AU DTS.

Mama kaisoma, akaongeza chini kwa kalamu yake: USIKU SAUTI CHINI.

Kazi inayofuata ni nyaya za spika za nyuma, ambazo kwa sasa zimepita chini ya jamvi na kila anayeingia anajikwaa. Nikipata njia ya kuzipitisha juu ya dari nitaandika.